Je, Wajua? Kutoka Mazimbu Hadi Mlango wa Ndege

Je, wajua kwamba Morogoro, mji wenye chuo kikuu, viwanda na reli mbili, hauna ndege ya abiria inayoruka kwa ratiba? Kiwanja kidogo kipo na ndege ndogo hutua, lakini mkazi wa Mazimbu, katika mji huo, aliyekata tiketi ya kwenda Mwanza, Muscat au Guangzhou huanza safari yake ardhini. Uwanja wake ni ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, karibu kilomita 190 kutoka chini ya milima ya Uluguru. Kabla rubani hajawasha injini, msafiri huyu ameshalipa nauli tatu au nne kwa watu tofauti: wa bodaboda, wa treni au basi, wa daladala, na pengine wa teksi. Tukizihesabu nauli hizo moja moja tunakutana na jambo ambalo wasafiri wengi hawalitilii maanani: kilomita 12 za mwisho zinaweza kuwa ghali kuliko zile 190 za mwanzo.

Tuanze na basi, maana ndilo kongwe. Je, wajua kwamba nauli ya basi la mkoani hupangwa kwa kilomita, tena hadi senti? Upande wa Tanzania Bara mwenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi shughuli za nchi kavu zilizokuwa za mamlaka ya awali, SUMATRA. Katika nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023, basi la daraja la kawaida liliruhusiwa kutoza Sh 48.47 kwa kila abiria kwa kila kilomita, na la daraja la kati Sh 67.84. Zidisha kwa kilomita 190 utapata takriban Sh 9,200 kwa daraja la kawaida na Sh 12,900 kwa daraja la kati. Kabla ya hapo viwango vilikuwa Sh 41.29 na Sh 56.88, na hadi Mei 2022 daraja la kawaida lilikuwa Sh 36.89. Ndani ya miaka miwili, basi, kilomita moja ya daraja la kawaida ilipanda kwa zaidi ya Sh 11. Kwa anayekwenda Kibaha kumsalimia shangazi, ongezeko hilo halimuumizi sana. Kwa mama wa Mazimbu anayekwenda uwanjani na watoto watatu kumpokea mumewe, kisha kurudi, ni fedha ya chakula.

Kiwango hicho ni cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Hakuna anayemkataza mwenye basi kutoza pungufu, na siku ambazo abiria ni wachache pale stendi ya Msamvu, Morogoro, utawasikia wapiga debe wakishusha bei wenyewe. Kuzidisha ndiko kunakokatazwa, hata siku ya sikukuu, hata ikiwa ndege yako inaondoka usiku huohuo na konda amekwisha kukusoma usoni kwamba una haraka.

Je, wajua kwamba treni ya umeme ilipangiwa nauli inayokaribia sana ile ya basi la daraja la kati? Reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024. LATRA iliweka daraja la kawaida katika Sh 69.51 kwa kilomita, yaani shilingi moja na senti kadhaa tu juu ya basi la daraja la kati. Dar es Salaam hadi Morogoro ikawa Sh 13,000, na hadi Dodoma Sh 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, na wa chini ya miaka 4 halipi. Kwa hiyo yule mama mwenye watoto watatu, wawili wakiwa wa shule ya msingi na mmoja wa kubeba, anakata tiketi za jumla ya Sh 26,000 kwa safari ya kwenda, bei ya watu wazima wawili.

Treni hiyo hufika mwendo wa kilomita 160 kwa saa na huchukua chini ya saa mbili, safari ambayo kwa basi, ukijumlisha foleni ya Chalinze na ile ya kuingia jijini, huweza kula nusu ya siku. Hapa ndipo abiria wa ndege anapopata faida kubwa kuliko abiria mwingine yeyote. Anayekwenda Kariakoo kununua bidhaa akichelewa, duka litamsubiri. Ndege haisubiri. Kabla ya SGR, wengi wa Mazimbu waliokuwa na ndege ya alfajiri walilazimika kulala Dar es Salaam, nyumbani kwa ndugu au gesti, na gharama hiyo ya kitanda haikuandikwa kwenye tiketi yoyote ingawa ilikuwa sehemu ya nauli ya uwanja wa ndege kama zilivyo nyingine. Kwa ndege za mapema mno bado inalipwa.

Sasa tufike kwenye zile kilomita chache. Stesheni ya SGR ya Morogoro iko Kihonda. Kutoka Mazimbu mtu hupanda daladala au hukodi bodaboda au bajaji. Daladala ya mjini, kwa viwango vilevile vya Desemba 2023, ni Sh 600 kwa njia isiyozidi kilomita 10. Bodaboda haina bango la nauli, ni mapatano. Tuseme dereva amekudai Sh 2,000 kwa kilomita 4. Umelipa Sh 500 kwa kilomita, mara 7 ya ulicholipa ndani ya treni yenye kiyoyozi. Halafu umeshuka Dar es Salaam, una begi la magurudumu na mfuko wa mchele wa kumpelekea dada aliyeko Oman, na mbele yako kuna mwendo wa karibu kilomita 12 kwa Barabara ya Nyerere. Tuseme teksi imekubali Sh 20,000. Hiyo ni zaidi ya Sh 1,660 kwa kilomita, mara 24 ya treni. Umetoka Morogoro kwa Sh 13,000, na kutoka stesheni hadi uwanjani umelipa Sh 20,000.

Na daladala je? Hapa kuna hesabu ambayo huwashangaza watu wakiiona kwenye karatasi. Njia ya kilomita 11 hadi 15 ilipangiwa Sh 700. Gawa kwa kilomita 12 utapata kama Sh 58 kwa kilomita. Daladala, gari linalolalamikiwa kuliko yote Dar es Salaam, linampeleka mtu uwanja wa ndege kwa bei ya kilomita iliyo chini ya treni ya umeme! Hata ukipanda la njia ndefu zaidi, la kilomita 16 hadi 20, ni Sh 800. Magari ya Gongo la Mboto yanayopita Barabara ya Nyerere hushusha abiria kwenye kituo cha uwanja wa ndege kila baada ya dakika chache. Anayefika kwa basi akashuka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, naye ana njia mbili: kupitia Ubungo na Buguruni hadi TAZARA, au kukata kwa Malamba Mawili, Kinyerezi na Segerea na kutokea Banana, hatua chache kupita uwanja.

Ukijumlisha daladala ya Mazimbu, treni, na daladala ya Dar es Salaam, unapata Sh 14,300 kwa viwango hivyo. Ukiweka bodaboda na teksi za mfano wetu mahali pa daladala, unapata Sh 35,000. Treni ni ileile, uwanja ni uleule. Tofauti yote, Sh 20,700, imetoka kwenye kilomita zisizofika 20.

Mbona basi watu hawapandi daladala kwenda uwanjani? Sababu ya kwanza ni mzigo. Gari limejaa, konda anataka nafasi ya kila begi ilipiwe kama mtu, na msafiri anaogopa zipu kukatika au pasipoti kuchomolewa. Sababu ya pili ni mwendo wa miguu: daladala inakuacha barabarani, na kutoka hapo hadi mlango wa jengo la abiria unatembea na mizigo juani. Jengo la Pili, lililochorwa na msanifu Mfaransa Paul Andreu na kufunguliwa mwaka 1984, na hata Jengo la Tatu, lililozinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 1 Agosti 2019, yote yalipangwa kwa kufikiria mtu anayeshuka kwenye gari dogo mlangoni. Sababu ya tatu ni aibu, nayo naitaja kwa sababu ni ya kweli. Katika familia nyingi kupanda ndege bado ni tukio, na mtu anayesindikizwa na ukoo mzima hapendi kuonekana akining'inia mlangoni mwa daladala. Aibu hiyo ina bei, na tumeshaiona: Sh 19,300 ukilinganisha teksi na daladala.

Je, wajua kwamba zamani serikali ilikuwa na kampuni moja tu ya mabasi kwa kazi yote hii? Dar es Salaam Motor Transport, iliyoanza mwaka 1949, ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikabaki na mabasi ya jiji, KAMATA ikachukua ya mikoani. Magari ya watu binafsi yaliyokuwa yakibeba abiria kwa kujificha yaliruhusiwa rasmi mwaka 1983. Wazee wa Morogoro waliowahi kupanda KAMATA wanazijua safari hizo vizuri kuliko ninavyoweza kuzieleza.

Foleni nayo ni nauli, maana teksi inayosimama kwenye foleni hutafuta namna ya kumlipisha abiria. Makutano ya TAZARA, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela, yaliwahi kukosesha watu wengi ndege zao. Daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa tarehe 27 Septemba 2018 na kupewa jina la mhandisi Patrick Mfugale, ndilo lililopunguza adha hiyo. Barabara hiyohiyo ndimo ilimopangwa awamu ya tatu ya mabasi ya mwendokasi kuelekea Gongo la Mboto, ikipita mbele ya uwanja wa ndege.

Je, wajua kwamba Mazimbu ina undugu na uwanja mkubwa wa ndege ulioko maelfu ya kilomita kusini? Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi ya Mazimbu, iliyokuwa shamba la mkonge lililoachwa. Wakajenga shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Aliyeizindua rasmi shule hiyo mwaka 1985 alikuwa Rais wa ANC, Oliver Tambo, ambaye Morogoro aliijua vizuri tangu mkutano mkuu maarufu wa chama chake uliofanyika hapa mwaka 1969. Walimu na wanafunzi wa Mazimbu walitoka pande nyingi za dunia. Mwaka 1992, milango ya kwao ilipofunguka, ANC iliikabidhi Tanzania majengo yote, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwaka 2006 uwanja wa ndege wa Johannesburg, ambao zamani uliitwa Jan Smuts, ukapewa jina la O. R. Tambo.

Na uwanja huo una treni. Gautrain ilianza kubeba abiria kati ya Sandton na uwanja wa O. R. Tambo tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia. Mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa na upana wa reli zake ni milimita 1,435, sawasawa na SGR inayopita Kihonda. Lakini nauli zake hazifanani na zetu kwa mpangilio. Stesheni ya uwanja wa ndege ina nauli yake ya pekee, ya juu kuliko safari nyingine za treni hiyohiyo zenye umbali kama huo. Mwenye treni ameamua kwamba aliye na fedha ya tiketi ya ndege ana fedha ya kulipa zaidi ardhini. Mfagiaji wa uwanja na muuza chai wa pale hawana tiketi ya ndege, na mpango wa namna hiyo huwasahau kwa urahisi.

Sydney, Australia, wameonja jambo hilo kwa uchungu zaidi. Stesheni za chini ya ardhi za uwanja wa ndege zilifunguliwa mwaka 2000, kabla ya Olimpiki, kwa mkataba na kampuni binafsi iliyotakiwa kurudisha fedha zake kwa kutoza ada ya kupita getini. Abiria hawakufika idadi iliyotarajiwa, na kampuni ikaanguka mwaka huohuo. Ada ikabaki. Leo anayeshuka uwanjani hulipa nauli ya kawaida ya treni, kisha juu yake ada ya stesheni ambayo imepita dola 17 za Australia. Mwaka 2011 serikali ya jimbo iliondoa ada hiyo kwenye stesheni jirani ya Mascot, na tangu hapo wapo wanaoshuka Mascot wakamalizia kwa basi au kwa miguu wakiburuta mabegi. Mtu wa Banana angewaelewa mara moja.

Kwa ughali mtupu, wengi huitaja London. Heathrow Express, iliyoanza mwaka 1998, hutoza pauni 25 kwa safari ya dakika 15 hivi. Kwa fedha hiyo ukiibadili, watu 6 wanaweza kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam kwa SGR. Hata hivyo mji huohuo una treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly, inayofika Heathrow tangu 1977, kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Hilo ndilo jambo la kuiga kutoka kwa Waingereza: mwenye haraka ana njia yake, asiye nacho ana yake, na bei za njia zote mbili zimeandikwa ukutani.

Shanghai, China, wana treni inayoelea juu ya sumaku, kilomita 30 kwa dakika 8, ambayo mwendo wake umewahi kufika kilomita 431 kwa saa katika safari za kila siku. Nauli ni yuani 50. Ukionyesha tiketi ya ndege ya siku hiyo unapunguziwa hadi 40. Zingatia hapo: wakati wenzao wa Johannesburg na Sydney wanamwongezea nauli mwenye tiketi ya ndege, Wachina wanampunguzia.

Wapo pia wasiotoza kabisa. Luxembourg iliondoa nauli kwenye usafiri wa umma nchi nzima mwanzoni mwa mwaka 2020, basi la uwanja wa ndege likiwemo. Boston, Marekani, basi la Silver Line humchukua abiria kutoka uwanja wa Logan kwenda mjini bure tangu mwaka 2012. Wanaokwenda uwanjani hulipa; wanaotoka hawalipi. Waliona kwamba mgeni aliyetua hivi punde, hana chenji na hajui mashine ya tiketi, ndiye anayechelewesha gari zima.

Wazo zuri kuliko yote, kwa maoni yangu, lina umri wa karibu miaka 90. Uwanja wa Gatwick, kusini mwa London, ulipofunguliwa upya mwaka 1936, stesheni ya treni iliunganishwa na jengo la abiria kwa njia ya chini ya ardhi. Ndege ya kwanza ya ratiba ilikwenda Paris. Tiketi yake ilikuwa pauni 4 na shilingi 5, na ndani ya bei hiyo mlikuwa na safari ya treni ya daraja la kwanza kutoka stesheni ya Victoria hadi mlangoni mwa ndege. Tiketi moja, malipo mara moja. Leo abiria wa Mazimbu ana simu inayoweza kununua tiketi ya SGR na ya ndege akiwa amekaa kibarazani, lakini ni tiketi mbili zisizojuana, na kati yake kuna pengo la kilomita 12 lisilo na tiketi kabisa.

Turudi Afrika Mashariki. Entebbe iko kama kilomita 40 kutoka Kampala. Barabara ya haraka ya kwenda huko ilifunguliwa Juni 2018, na tangu Januari 2022 gari dogo hulipa Sh 5,000 za Uganda getini, fedha ambayo dereva wa teksi huirudisha kwenye nauli yako. Barabara ya zamani haina ada. Wanaopanda magari ya abiria ya Kampala kwenda mji wa Entebbe humalizia kwa bodaboda hadi uwanjani. Nairobi ina basi nambari 34, linalojulikana na kila mkazi kwamba ndilo la uwanja wa Jomo Kenyatta. Tofauti ya Nairobi na kwetu ni kwamba nauli ya matatu haina kikomo cha serikali: mvua ikinyesha, au ikifika saa 11 jioni, inapanda. Treni yao ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, kwa daraja la kawaida, ilitoka Sh 1,000 za Kenya hadi 1,500 tarehe 1 Januari 2024, na ukigawa kwa kilomita unapata bei inayokaribiana na ya kwetu. Zanzibar, daladala nambari 505 inatoka Darajani hadi uwanja wa Abeid Amani Karume. Nambari hiyo mgeni huielewa kirahisi kuliko maelezo yoyote.

Je, wajua kwamba mji unaweza kupandishiwa nauli bila nauli kupanda? Inatosha kuhamisha uwanja. Mbeya ilikuwa na kiwanja mjini; tangu Desemba 2012 ndege hutua Songwe, nje ya jiji. Dodoma bado ina uwanja ambao mtu mwenye begi dogo anaweza kuufikia kwa miguu kutoka katikati ya mji, lakini uwanja mpya unajengwa Msalato, zaidi ya kilomita 10 kutoka hapo. Uwanja wa Kilimanjaro, KIA, ulizaliwa na tatizo hilo mwaka 1971: uliwekwa kati ya Arusha na Moshi ili uhudumie miji yote miwili, ukawa mbali na yote miwili. Basi la Arusha na Moshi linakuacha njia panda, na kutoka hapo hadi uwanjani ni kama kilomita 6. Unaweza kutoka Arusha kwa nauli halali iliyopangwa, kisha ukashikwa shati na kilomita 6 ambazo bei yake inategemea sura yako, saa yako na uzito wa begi lako.

Kuna malipo mengine yasiyoonekana. Ndani ya bei ya tiketi ya ndege mna ada ya huduma ya uwanja: Sh 10,000 kwa safari za ndani ya nchi na dola 40 za Marekani kwa safari za nje. Dola 40 zinazidi nauli 7 za SGR kutoka Morogoro. Ada hiyo hukatwa wakati wa kununua tiketi, kwa hiyo mtu akikusimamisha mlangoni akitaka uilipe mkononi, mwombe akuonyeshe kwenye tiketi yako mahali isipokuwepo.

Kuhusu teksi za kuitwa kwa simu, Uber ilianza Dar es Salaam mwaka 2016. Aprili 2022 ilisimamisha huduma baada ya LATRA kuweka nauli elekezi na kuzuia kampuni za programu hizo zisichukue zaidi ya asilimia 15 kutoka kwa dereva. Kiwango kikalegezwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 ikarudi. Faida ya teksi za namna hiyo kwa abiria wa uwanja wa ndege ni moja na ni kubwa: bei unaiona kabla hujafungua mlango wa gari.

Na hiyo ndiyo haki ninayoidai kwa kila msafiri, mwenye simu ya kisasa na asiye nayo. LATRA imekwisha kufanya kazi ngumu ya kupanga nauli hadi senti. Iliyobaki ni nyepesi: bango. Moja litundikwe ndani ya stesheni ya SGR Dar es Salaam, jingine Kihonda, jingine Stendi ya Magufuli, na jingine kwenye mlango wa kutokea wa kila jengo la abiria uwanjani, liandikwe kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili kwanza: daladala ya kwenda wapi, inasimama wapi, shilingi ngapi. Shirika la Reli, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege na LATRA wakikaa mezani siku moja wanaweza pia kupanga basi lenye sehemu ya kuweka mabegi, linalokutana na kila treni na kutoza nauli ya njia hiyo kama lilivyo gari lolote la jiji. Abiria wa kulijaza wapo. Kila treni inashusha watu wenye mabegi.

Nawe msomaji wa Mazimbu unayejiandaa kusafiri, uliza nauli kabla ya kupanda, dai tiketi, na kabla hujaitikia teksi ya kwanza, kumbuka kwamba kwa mwendo huohuo kuna nauli ya Sh 700 iliyowekwa kisheria.